Mama Huoga Saa Ngapi?

Jioni inapoingia, katika viwanja vingi vya Bukavu, Goma na Kalemie husikika swali moja: «Maji ya baba yako tayari?» Sufuria iko motoni, binti anapeleka ndoo bafuni, kikwembe safi kimekwisha kutundikwa juu ya ukuta wa mabati. Baba anaoga, anavaa shati safi, anaketi barazani kupunga upepo. Baada yake wanaoshwa watoto, wadogo kwanza, na kilio ni kikubwa kwa ajili ya sabuni machoni. Kisha chakula, kisha vyombo, kisha kuwalaza watoto. Mama ataoga saa ngapi? Mara nyingi usiku, watu wote wamekwisha kulala, kwa maji yaliyobaki chini ya ndoo, nayo yamepoa. Ama hataoga mpaka kesho. Na yeye ndiye aliyeyateka maji yale.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kusema juu ya kuoga kwa raha nyumbani, nasi tumeanza na mama kwa makusudi. Wako watu wanaodhani kwamba raha hiyo ni mali ya wenye nyumba za vigae, wenye maji ya moto yatokayo ukutani na beseni kubwa la kulala ndani. Hayo ni mazuri, hatuyadharau. Lakini kazi ambayo maji ya moto huifanya katika mwili wa mtu aliyechoka ni ile ile, yawe yametoka katika bomba linalong'aa au katika kopo la maziwa. Yanayopungua katika nyumba zetu ni mengine: mahali pa faragha, maji yaliyochanganywa kwa kipimo, na robo saa ambayo mtu haitwi na mtu. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Tuone kwanza yale yanayotendeka mwilini. Ngozi ikipata maji ya moto, mishipa midogo ya damu iliyo chini yake hupanuka, hasa katika mikono na miguu. Damu nyingi hufika huko, na misuli iliyokazwa na mzigo hulegea. Mtu akiisha kutoka na kujifuta, joto la ndani hutokea katika mikono na miguu ile ile, na mwili wote hupoa polepole. Kupoa huko ndiko kunakoita usingizi; maana kila usiku mwili hushusha joto lake kidogo kabla ya kulala, na maji ya moto huisaidia kazi hiyo. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, huko Marekani, waliukusanya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa juu ya jambo hili. Waliona kwamba mtu akioga kwa maji ya digrii 40 hadi 42 na nusu, saa moja au mbili kabla ya kulala, hata kwa dakika 10 tu, hupata usingizi upesi zaidi, kama dakika 10 mapema. Basi mwenye kulala saa nne za usiku yafaa aoge saa mbili au saa tatu. Anayeoga saa tano, macho yakimfumba, na kujitupa kitandani mara ile, amejisafisha, lakini usingizi wake hakuusaidia sana.

Kipimo cha maji si kigumu. Ikiwa maji baridi yana digrii 20 hivi, kama ilivyo mara nyingi katika nchi zetu za milima, chukua sehemu tatu za hayo na sehemu moja ya maji yanayochemka. Utapata karibu digrii 39, yaani moto kidogo kuliko mwili wenyewe. Lita 15 za baridi na lita 5 za moto hujaza bidoni moja, na bidoni moja yatosha watu wawili. Kwa hiyo hakuna haja ya kuchemsha sufuria tatu. Makaa yana bei, tena makaa mengi yanayochomwa Goma hutoka katika miti ya hifadhi ya Virunga, iliyowekwa tangu mwaka 1925, na miti ile haioti kwa juma moja. Wakati wa kiangazi mtu aweza hata kuacha makaa kabisa: apake bidoni rangi nyeusi, aijaze asubuhi, aiweke penye jua lisilozuiwa na ukuta. Saa kumi za alasiri maji yatakuwa vuguvugu. Yafunikwe kwa gunia mpaka saa ya kuoga.

Bafu lenyewe

Bafu nyingi za uani ni mabati yaliyotoboka au matete. Mlango ni gunia. Chini ni tope na jiwe moja la kusimamia. Katika kiwanja cha wapangaji watatu au wanne, kila aendaye chooni hupita hapo hapo. Mwanamke anayeoga mahali kama hapo huoga amesimama, sikio lake liko nje, mkono mmoja umeshika gunia. Umpe maji ya moto namna yoyote, mabega yake hayatalegea. Kwa sababu hiyo twasema: fedha ya kwanza isinunue sabuni ya manukato; inunue mbao, bawaba mbili, na komeo la kufungia ndani. Ukuta uwe mrefu kuliko mtu mrefu wa nyumba ile, na juu paachwe wazi ili mvuke utoke.

Ndani pawe na kigoda. Ni kitu kidogo, lakini hugeuza yote. Aliyesimama juu ya jiwe linaloteleza hujishughulisha asianguke, hali aliyeketi amekwisha kupumzika kabla hajajimwagia maji. Wazee na wajawazito wasioge bila hicho, kwani maji ya moto huleta kizunguzungu kwa anayesimama ghafula. Nao maji yao yasiwe ya moto sana. Msumari wa kutundikia kikwembe, kibao cha kuwekea sabuni, basi, samani zimetosha. Taa itundikwe juu ya kichwa, kivuli kianguke miguuni. Ikiwekwa chini, kivuli cha anayeoga hucheza ukutani, na ukuta wa turubai au wa matete huwaonyesha majirani yote.

Sakafu ya simenti iteremke kidogo kuelekea pembe moja, yatosha sentimita 2 kwa kila mita, na kabla haijakauka ipitishwe ufagio ili iwe na mikwaruzo. Sakafu laini kama kioo imevunja viuno vingi. Asiye na simenti apange mawe bapa juu ya kokoto. Maji machafu yasiachwe yatuame nyuma ya ukuta, maana hapo mbu huzaliana na harufu hurudi ndani. Yachimbiwe shimo la mita moja, lijazwe mawe na kufunikwa, nalo liwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Kama kiwanja ni kidogo, mfereji uelekezwe kwenye migomba, nayo itashukuru.

Wengi hutamani dushi. Dushi ya kawaida hutoa lita 8 au 10 kwa dakika moja. Bidoni yote itakwisha kabla hujamaliza kujipaka sabuni. Kwa nyumba inayoteka maji mbali, chombo hiki chafaa zaidi: bidoni ya lita 20 iliyotobolewa karibu na chini, ikatiwa bomba dogo lenye kifungulio, na mdomoni mwa bomba kopo lenye matundu madogo yaliyotobolewa kwa msumari mwembamba. Bidoni ikae juu ya ubao imara, juu kidogo ya kichwa, na kizibo chake cha juu kilegezwe ili hewa iingie. Tusisahau kwamba lita 20 zina uzito wa kilo 20. Pipa la lita 200 lina kilo 200 na zaidi; asiliweke mtu juu ya nguzo za mti laini.

Asiye na dushi asihuzunike. Kata na ndoo vina faida yake, kwani huongoza maji mahali mtu anapotaka. Jilowanishe kwa lita mbili tu. Jipake sabuni pasipo haraka na kujisugua kwa dodoki, lile linalotambaa juu ya uzio bila kupandwa na mtu. Kisha suuza kuanzia kichwani. Lakini kata tatu za mwisho zihifadhiwe. Hizo si za kusafisha kitu: keti, inamisha kichwa, zimwage polepole juu ya shingo na mabega, pale ambapo mzigo ulikaa mchana. Mwenye kutaka harufu nzuri achemshe majani machache ya mchaichai katika sufuria ile ile. Wengine husifu chumvi. Hatuna ugomvi nayo, ila twaona kwamba kazi hufanywa na joto. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ipakwe mafuta, hasa kiangazi ambapo hewa kavu na sabuni huipasua. Na zile sabuni za kung'arisha ngozi, zenye zebaki au hidrokwinoni, ziachwe dukani. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo.

Raha inayogeuka msiba

Yako mambo ambayo hatuwezi kuyapita upesi. Katika baridi ya Juni na Julai, huko Lubumbashi na kwingineko, wako watu wanaoingiza mbabula ndani ya chumba cha kuogea, wakafunga mlango na dirisha ili pawe na joto. Jambo hili lisifanywe kamwe. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, hata moshi ukiwa umekwisha. Mtu huumwa kichwa kidogo, viungo vyake hulegea, hujisikia usingizi. Hudhani kwamba ndiyo raha ya maji ya moto, kumbe anakufa. Aliyekutwa katika hali hiyo atolewe nje mara moja, apelekwe hospitali, hata akisema kwamba amepona. Mbabula ikae nje, maji yaingie peke yake.

Mijini, umeme ukirudi, wengi hutumbukiza ndani ya ndoo chuma kile cha kuchemshia maji. Kabla ya mtu kugusa maji au ndoo, chuma kichomolewe kwanza ukutani. Mkono usipime joto wakati umeme ungalimo. Tena kazi hiyo ifanywe mbali na bafu na sakafu yake yenye maji. Kwa watoto, sheria ni moja: maji baridi hutangulia kuingia katika beseni, ya moto hufuata, na kiwiko cha mzazi hupima kabla mtoto hajaletwa. Mtoto aliyetumbukia katika beseni lenye maji ya moto peke yake, likingojea ya baridi, hubeba kovu maisha yake yote. Na wanaokaa kando ya ziwa Albert, au penginepo penye konokono wa kichocho, wasiogee majini. Wateke, wayaache maji siku mbili kamili katika pipa safi lililofunikwa, na vijidudu vile vitakuwa vimekufa.

Sasa turudi kwa mama. Nyumba ya watu wanane, kila mmoja akipata nusu ya bidoni, yahitaji bidoni nne kila jioni, ndiyo kilo 80 za maji, na Bukavu njia ya bomba mara nyingi ni mlima. Kama maji hayo yote hupita juu ya mgongo wa mama na wa binti zake, basi tunawauzia raha waliyokwisha kuilipa wenyewe. Bega la mvulana wa miaka 15 si dhaifu kuliko shingo ya dada yake wa miaka 12. Wenye baiskeli waitumie. Baba atasema: «Mimi natoka kazini.» Ni kweli, na maji yake ya moto ni haki yake. Lakini mkewe ametoka shambani au sokoni, na alipofika nyumbani aliianza kazi nyingine.

Shauri letu ni dogo. Bidoni moja, au nusu yake, itengwe kwa jina la mama kabla mtu yeyote hajaoga, isiguswe hata kama wageni wamefika. Baba awaoshe watoto, kama si kila siku basi jioni mbili au tatu kwa juma. Kuosha mtoto hakumpunguzii mwanamume heshima, nao watoto hupenda mikono ile mikubwa. Saa mbili za usiku, sufuria ya pili ikichemka, mama aende bafuni na taa yake, afunge komeo. Baba aketi barazani upande ule wa bafu. Mtoto atakayekuja kuuliza chumvi iko wapi, amwulize yeye. Na kama hajui iko wapi, aitafute.