Viwanda vijanja vinakuja: Kijana wa Mghange ataajiriwa au atahesabiwa tu?

Nilipomaliza kidato cha nne niliteremka kutoka Mghange kwenda kutafuta kibarua katika kiwanda kimoja cha huku Pwani. Jina nitaliacha. Kazi yangu ilikuwa kupakia mzigo mwisho wa mkanda, malipo ya siku kwa siku. Kila saa fundi mmoja mzee alipita na kaunta buku mkononi, akiandika joto la mota na kipimo cha stima. Akifika kwenye mota kubwa ya mkanda aliiwekea kiganja, akatulia kidogo kama daktari anayepima homa, kisha akaendelea na safari yake.

Wiki ya nne mzee akaenda likizo. Kijana aliyeachiwa kitabu aliona kazi yenyewe ni ya kuandika nambari tu, basi akawa ananakili za jana. Siku ya tatu beringi ya ile mota ikashika, shafti ikapinda, mkanda ukasimama kimya. Spea ilibidi itoke Nairobi. Sisi vibarua tukaambiwa twende nyumbani hadi tutakapoitwa. Tulikaa siku 5, na siku usiyopakia hulipwi. Nilikula kwa deni kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda pale getini, na deni lile nililimaliza mwezi uliofuata.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba beringi haifi ghafla. Huanza kutetemeka vibaya wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya kushika. Mtetemo wenyewe mwanzoni ni mdogo mno, kiganja hakiwezi kuusikia. Kiganja husikia joto, na joto huja mwishoni kabisa. Lakini kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye mota, kile wanachokiita kihisi, kinausikia tangu siku ya kwanza. Kingekuwapo, spea ingeagizwa mapema, mkanda ungesimamishwa Jumapili mchana, na mimi nisingekopa chapati.

Hicho ndicho kiini cha hizi hadithi zote za viwanda vijanja. Watu wakisikia jina hilo hufikiria roboti zenye mikono mirefu. Roboti zipo, ndiyo, lakini kilichobadilisha viwanda zaidi ni mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja tumekuwa nacho kwa miaka. Kihisi si kipya. Intaneti si mpya. Kompyuta ya kuhifadhi nambari si mpya. Kipya ni kwamba vimeshuka bei na vimekutana: kihisi kinapima mtetemo kila sekunde, mtandao unaupeleka kwenye hifadhi, programu ya akili unde inaulinganisha na mitetemo ya mota nyingine elfu zilizowahi kuharibika, na ujumbe unaingia kwenye simu ya fundi. Wakubwa wana hata kile wanachokiita pacha wa kidijitali, yaani kiwanda kizima kilichochorwa ndani ya kompyuta, kinachobadilika kila kile cha kweli kinapobadilika, ili ujaribu jambo huko kwanza kabla ya kuharibu mali. Wajerumani waliupa mkutano huu wa teknolojia jina la Industrie 4.0 kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, na tangu hapo kila mtu anauza kitu chenye nambari 4.0.

Sasa, mazingira yanaingia wapi? Yanaingia kwenye bili. Sehemu kubwa ya umeme wa viwandani duniani, zaidi ya nusu, huliwa na mota: za pampu, feni, kompresa na mikanda. Na mota nyingi huendeshwa kwa kasi moja tu, kazi iwe nyingi au kidogo. Feni au pampu ukiipunguzia kasi kwa asilimia 20, umeme inaoutumia hushuka hadi karibu nusu. Rudia kuisoma hiyo sentensi. Hata mimi nilidhani nimedanganywa, hadi mwalimu alipoipiga hesabu ubaoni. Kifaa cha kurekebisha kasi kipo sokoni, ila bila kipimo hakuna anayejua ni pampu ipi inayokimbia bure.

Kuna pia suala la saa. Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa inatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, na usiku watu wakilala mvuke wa ardhini hauzimiki kama taa. Ndiyo maana Desemba 2017 serikali ilileta nafuu ya bei ya umeme wa usiku kwa viwanda. Kiwanda kinachojua ni mashine ipi inaweza kungoja hadi saa nne usiku kinalipa kidogo na kinatumia umeme ambao ungepotea. Kisichojua kinaendelea kulalamika kwamba stima ni ghali. (Ni ghali kweli, lakini hayo ni makala mengine.)

Turudi kwetu Taita Taveta. Ukiteremka kutoka Wundanyi, kabla ya kufika Voi unapita Mwatate, na mkonge unakusindikiza kilomita na kilomita. Shamba la Teita Sisal ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge katika Afrika Mashariki. Wengi wetu tunaujua mkonge kama kamba na magunia. Wachache wanajua kwamba jani la mkonge likipita kwenye mashine ya kulikwangua, nyuzi unazopata ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani lile. Hiyo 96 nyingine ni maji na makapi. Duniani kote, kwa miaka mingi, makapi ya mkonge yametupwa au kuachwa yaoze, na yakioza yanatoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa.

Jirani zetu wa Tanga walijaribu kitu. Mwishoni mwa miaka ya 2000, katika shamba la Hale, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na gesi kuwa umeme, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa likiwamo UNIDO. Kazi kama hiyo inaonyesha kwa nini vipimo si mapambo. Gesi inatengenezwa na vijidudu, na vijidudu ni kama ng'ombe wa maziwa: ukivilisha kupita kiasi, asidi inapanda na vinakufa, joto likishuka, vinagoma. Mtu mwenye kaunta buku atajua mambo yameharibika gesi ikiisha. Vihisi vya joto na asidi vinamwambia siku kadhaa kabla, apunguze chakula. Hapo teknolojia ya kuhesabu na utunzaji wa mazingira ni kitu kimoja, huwezi kuvitenganisha.

Upande mwingine wa Voi, kule Rukinga karibu na Maungu, vijana wetu, wengi wao wasichana, wamepata kazi ya cherehani. Karakana ya SOKO Kenya imeshona nguo za kampuni ya Uingereza ya ASOS, katikati ya nyika ambayo ndovu huivuka. Mshonaji wa hapo anaweza kusema kwamba Industrie 4.0 haimhusu. Inamhusu, na inatoka mbali. Julai 2024 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni mpya ya bidhaa, na ndani yake kuna kitu kinaitwa pasipoti ya kidijitali. Bidhaa itakuwa na msimbo wa kuskani kwa simu, na ukiuskani utaona imetengenezwa kwa nini, imetoka wapi, na itarekebishwaje au kurejelezwa ikichakaa. Nguo zimo kwenye orodha ya bidhaa za mwanzo. Mwezi uo huo mkataba wa kiuchumi wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kazi, na bidhaa zetu zinaingia kule bila ushuru. Ushuru umeondoka, maswali yamebaki. Karakana inayoweza kuonyesha pamba ilitoka wapi na maji yalitumika kiasi gani itakuwa na la kujibu. Isiyoweza, hata ikishona kama malaika, mnunuzi atapita.

Hapa naona nafasi ya kijana. Hizo nambari lazima mtu azikusanye, azikague, aone ikiwa kihisi kimepotoka au kuna mtu amenakili za jana. Ni kazi ya fundi umeme anayejua kidogo kompyuta, au mtu wa kompyuta asiyeogopa grisi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri kimekuwa kikifundisha mekatroniki kwa mfumo wa Siemens, na ndio mchanganyiko huo hasa: umeme, mashine na programu kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Taita Taveta hapa Voi kina kituo chake cha uchimbaji madini na uhandisi wa mazingira, kilichojengwa kwa ushirikiano na vyuo vya Ujerumani. Si lazima yote tuyafuate Nairobi.

Lakini sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siemens wana kiwanda chao Amberg, Ujerumani, kilichofunguliwa 1989, ambacho hutajwa kila mahali kama mfano bora. Uzalishaji wake umeongezeka zaidi ya mara 10. Wafanyakazi je? Idadi yao imebaki karibu ileile. Wanaopenda teknolojia husema: tazama, hakuna aliyefutwa. Mimi nasema: tazama pia kwamba mlango wa kuingilia haukupanuka. Kwa Ujerumani yenye wazee wengi hilo si neno. Kwa kaunti ambayo kila Desemba inatema maelfu ya vijana wa kidato cha nne, ni neno kubwa. Kibarua kama wangu, cha kupakia mwisho wa mkanda, ndicho cha kwanza kuondoka.

Na kuna la pili. Kihisi kinachohesabu mtetemo wa mota hakikatai kuhesabu safari zako za choo. Kamera inayotafuta mshono mbovu inaweza kumtafuta pia mshonaji aliyechoka. Mjanja, kwa Kiswahili chetu, ni mtu unayemsifu huku umeshika mfuko wako. Bahati ni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa ni taarifa gani zako zinachukuliwa na za nini, na ya kukataa uamuzi mzito juu yako uliotolewa na mashine peke yake. Swali hilo liulize siku ya kuandikwa kazi, kabla ya kuweka sahihi. Ukiulizia ukiwa umeshafutwa, umechelewa.

Huku kwetu mlimani hatuna kiwanda. Tuna kabichi, nyanya na ndizi zinazoondoka alfajiri kwenda Kongowea, na zinazobaki zinaoza. Lakini vipimo tumeshavizoea: Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, na watafiti wake wamekuwa wakipima hali ya hewa na misitu ya milima yetu. Mtandao nao haututupi mkono, milingoti iko pale juu ya Vuria, kilele chetu cha mita 2,208.

Mwaka jana binamu yangu alijenga sanduku la kukaushia ndizi kwa jua: mbao, plastiki ngumu, wavu wa chini wa kuingiza hewa. Ndizi zilikauka vizuri mchana, lakini baada ya wiki zikaota ukungu, na kila mtu alikuwa na sababu yake. Nyanya alisema tunazikata nene. Binamu alilaumu plastiki. Nikaweka ndani kihisi cha joto na unyevu na bodi ndogo ya ESP32, inatuma nambari kwenye simu kila dakika 10, bando kidogo tu.

Asubuhi ya tatu grafu ikatuonyesha. Mchana unyevu ulishuka vizuri. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, ukungu wa Mghange ukipanda kutoka bondeni, ulipanda hadi karibu asilimia 100 na kukaa huko hadi jua litoke. Zile ndizi zilikuwa zikinywa usiku kile kilichotoka mchana. Sasa saa kumi na moja jioni tunazitoa na kuzifunga ndani ya ndoo zenye mfuniko, na asubuhi zinarudi. Hazioti tena. Nyanya bado anasema tunazikata nene, na sasa tumeamua kulipima na hilo.