Kukubaliwa si kupata bursi

Wengi wetu wanafunzi wa agronomi tunaomba masta Ubelgiji, tukitegemea bursi ya ARES ao ya VLIR-UOS. Kungojea kunasumbua roho, usingizi unapotea. Lakini tujue: majibu ni mawili. Chuo kinaangalia diplome na pointi zako, kinasema kama unafaa. Bursi inapewa wachache kati ya wale waliofaa, sababu nafasi hazitoshi. Basi ukipata barua ya chuo peke yake, usiache kazi, na wazazi wasiuze ng'ombe. Ukikosa bursi, haisemi kama huna akili. Wakati unangojea, tengeneza paspoti, fungua imeli kila siku, endelea kulima. Shamba halingojei jibu.