Ndoa, visa na ahadi za jukwaani: nani anaweza kumvuta mwenzake majuu?

Uzi. Sitataja mwanasiasa wala chama, na ukitaja kwa komenti nitakupita tu.

Kuna sentensi mbili huwa nazisikia kila msimu wa siasa, pale uwanja wa Kamukunji Kibera na hata stejini Kawangware. Saa zingine zinatoka kwa mdomo mmoja. Ya kwanza: "Tutawatafutia vijana kazi majuu." Ya pili: "Wageni wanaoa hapa kwetu ndio wapate makaratasi." Zote zinagusa swali ambalo hakuna anayelieleza: mtu akivuka mpaka kutafuta riziki, ni nani anaruhusiwa kumleta mke au mume wake wakaishi naye kabisa? Nasoma sayansi ya siasa na hili nimelifuata hadi kwa sheria zenyewe. Twende.

Kwanza shika hii. Cheti cha ndoa peke yake hakikufungulii mlango wa nchi yoyote. Kabla waulize kama mnapendana, wanaangalia yule anayedhamini: ni raia wa pale, mkaazi wa kudumu, au mfanyakazi wa mkataba tu? Anaishi wapi? Ana pesa ngapi? Watu mtaani hudhani tatizo ni ubalozi kuwa na roho mbaya. Mara nyingi kesi ilishaamuliwa na hayo maswali kitambo, hata kabla mtu apange foleni Gigiri.

Tuanze na hapo pa "anaishi wapi," kwa sababu hapo ndio watu huchanganyikiwa sana.

Chukua Mkenya aliyepata uraia wa Kanada, akarudi Nairobi kufanya kazi, akaoa Kawangware. Anaweza kumdhamini mkewe akiwa bado hapa hapa Nairobi, mradi aonyeshe kwamba mke akipewa ukaazi wa kudumu, wote wawili watahamia Kanada. Sasa chukua rafiki yake ambaye ana ukaazi wa kudumu wa Kanada lakini hajapata uraia. Huyo akiwa anaishi nje ya Kanada hawezi kudhamini mke. Lazima awe anaishi kule. Kuja kutembea wiki chache ni sawa, lakini akihamia Nairobi "kumsubiri mke," ombi linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Ndoa ni zile zile, mapenzi ni yale yale, tofauti ni aina ya karatasi.

Marekani wana yao. Raia akiomba mke au mume, hakuna foleni ya idadi. Mwenye kadi ya kijani naye anaweza kuomba, lakini mwenzake anaingia kwa kundi lenye kiwango cha visa kwa mwaka, na foleni hiyo husonga na kukwama. Halafu mdhamini lazima awe na makao Marekani. Kama anaishi Nairobi, anatakiwa kuonyesha kwamba hakuacha makao yake kule, au kwamba atarudi kuishi kabla au pamoja na mwenzake: akaunti ya benki, kodi anayolipa, kazi anayotafuta, nyumba. Na anatia sahihi hati ya kumtunza mwenzake, akiwa na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini. Akikosa, anaweza kutafuta mdhamini wa pili anayeishi Marekani. Hiyo hati si mchezo, ni mkataba wa kisheria, na talaka haiufuti.

Uingereza ndio walipandisha bei wazi wazi. Kuanzia Julai 2012, mdhamini alihitaji kupata pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 ikawa pauni 29,000. Hiyo ni karibu shilingi milioni tano. Na kama mdhamini ni raia wa Uingereza anayeishi Nairobi, kwa njia ya mshahara anatakiwa aonyeshe kipato chake cha hapa na pia kazi inayomsubiri kule, ya kuanza ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi. Mimi naona hiyo sheria inaamua ni maskini gani anaruhusiwa kuwa na familia, lakini mahakama yao ya juu iliiangalia mwaka 2017 na ikakubali kwamba serikali inaweza kuweka kiwango.

Sasa rudi kwa ile sentensi ya kwanza, "kazi majuu." Kazi gani, na kwa visa gani? Hapo jukwaani hakuna anayesema.

Dada wa Laini Saba anayeenda Saudia kufanya kazi za nyumbani yuko chini ya kafala. Mdhamini wake ni mwajiri. Yeye mwenyewe hawezi kumdhamini mtu, hata mumewe, na ukaazi wa kudumu haupo kwa mkataba wake. Kijana aliyeenda Uingereza kuhudumia wazee alikuwa na afueni kidogo, manake zamani angeweza kwenda na mke na watoto. Tangu 11 Machi 2024 wahudumu wapya hawaruhusiwi tena kuleta wategemezi. Na Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri wahudumu hao kutoka nje. Kwa hivyo mtu akikuahidi ajira nje, anakuahidi pia miaka ya kulea watoto kwa simu, na hicho kipande hakimo kwa hotuba. Sisemi watu wasiende. Nasema bei yote itajwe.

Kuna upande wa huku nyumbani ambao kwa maoni yangu ndio mzito zaidi, na hapa serikali yetu haiwezi kusingizia mzungu.

Wengi wetu tumelelewa kwa ndoa za come-we-stay. Miaka kumi, watoto watatu, majirani wote wanawaita Baba na Mama fulani, hakuna cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa, hata ya kimila. Kuishi pamoja tu hakumo kwa hiyo orodha. Mahakama zetu zilikuwa zikiwaokoa watu kwa kudhania kwamba ndoa ipo, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra sana, kwa masharti makali.

Ubalozi nao? Marekani wanataka ndoa inayotambulika kisheria mahali ilipofungwa. Kwa hivyo come-we-stay ya Gatwekera haifiki popote. Kanada ni wapole zaidi: mkiishi pamoja mfululizo angalau miezi 12 kama mume na mke, wanawatambua hata bila cheti. Lakini sasa thibitisha. Wanataka mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, bili za pamoja, akaunti ya pamoja. Nani Kibera ana mkataba wa nyumba? Kodi unampa keateka, stima ni ya sambaza, maji unanunua kwa mtungi. Mnaishi pamoja kila siku ya Mungu na hakuna karatasi hata moja inayojua. Kinachookoa wengi ni taarifa za M-Pesa, picha za miaka, barua za shule ya watoto zenye jina la baba na la mama.

Na hapa kuna mtego ambao ningetaka kila mtu aujue kabla hajajaza fomu. Mtu anapata nafasi ya kwenda Kanada, anafika kwa swali la hali ya ndoa, anaandika "sijaoa." Kwa akili yake hajadanganya, si hana cheti? Miaka miwili baadaye anataka kumdhamini yule mama watoto. Kanada inamjibu: ulipopewa ukaazi alikuwa tayari mwenzako, hukumtaja, hakupimwa, kwa hivyo huwezi kumdhamini. Kanuni hiyo imetenganisha familia nyingi. Mwaka 2019 waliilegeza kwa mpango wa majaribio, lakini kwa baadhi ya wadhamini tu, wakiwemo waliofika kule kama wakimbizi. Ile bahati nasibu ya visa ya Marekani ina kitu kama hicho: kama una mke au mume wa kisheria na hukumtaja ulipojisajili, unaweza kupoteza visa yote. Ile cyber inayokujazia fomu kwa shilingi mia mbili haitakuambia hayo.

Haya, sasa ile sentensi ya pili, ya wageni wanaooa hapa. Hapa sisi ndio nchi yenye mlango.

Kabla ya 2010, Katiba yetu ilikuwa na ubaguzi wa wazi. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya angeweza kusajiliwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakuwa na njia hiyo. Yaani dada wa Kawangware akiolewa na Mganda, mumewe alibaki mgeni hata wakizeeka pamoja. Katiba ya 2010 ilimaliza hiyo. Kifungu cha 15 kinasema aliyekaa kwa ndoa na raia angalau miaka saba ana haki ya kusajiliwa akiomba, awe mume au mke. Na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 37, inamruhusu mwenzi wa raia kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Kabla ya hapo kuna pasi ya mtegemezi, ambayo inakuruhusu kukaa lakini haikupi ruhusa ya kufanya kazi.

Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba mgeni "anaoa leo kesho ni Mkenya," muulize amehesabu vipi. Sheria hiyo hiyo inataka ndoa isiwe ilifungwa kwa ajili ya makaratasi. Kushuku ndoa hakukuanzia kwetu. Marekani tangu 1986 wanampa mwenzi wa ndoa changa, chini ya miaka miwili, ukaazi wa masharti kwanza, halafu wanachunguza tena. Tunalalamika Wakenya wakishukiwa kule, kisha tunapiga makofi Mkongo akishukiwa hapa.

Na wageni wenyewe wa mtaa wetu ni nani? Wengi ni Waganda, Watanzania, Wakongo, Warundi. Hapo mtu huruka: "Si tuko Jumuiya moja?" Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010 na inarahisisha kuingia, kukaa na kufanya kazi. Raia wa Jumuiya kwa kawaida anagongewa miezi sita mpakani. Lakini itifaki hiyo hiyo iliacha suala la ukaazi wa kudumu kwa sheria za kila nchi. Kwa hivyo mume Mganda anayeishi Lindi anapita mlango ule ule wa Nyayo House kama mume Mjerumani anayeishi Lavington. Tofauti ni kwamba Mjerumani ana wakili, na Mganda anategemea kuvuka Busia kila miezi sita agongewe upya. Wenye miaka mitatu ya ndoa na cheti wangeweza kuomba leo. Wengi hawana cheti, tunarudi pale pale.

Mmoja ameniuliza kwa DM: "Kaka, sasa tumuulize mgombea nini?" Mimi ningeuliza vitu vya huku. Pauni 29,000 hakuna mbunge wetu atazipunguza. Lakini mikataba ya kazi na nchi za Ghuba inaandikwa na serikali yetu: je, kuna kipengele chochote cha familia humo, hata cha likizo ya kurudi kuona watoto? Usajili wa ndoa za kimila: kwa nini mtu wa Kibera apoteze siku mbili za kibarua kwenda mjini kwa ajili ya cheti? Na pasi ya mtegemezi: kwa nini mwenzi wa raia akatazwe kufanya kazi miaka mitatu, na ni huyo huyo tunayemwita mzigo?

Na kwa wale watatu mlioniuliza kuhusu mke wa pili. Hapa Kenya ndoa ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu zaidi ya mke mmoja, na zikisajiliwa ni halali kabisa. Marekani, Uingereza na Kanada hawatampa visa ya mwenzi zaidi ya mke mmoja. Watoto wa mke wa pili ni hesabu tofauti. Marekani na Kanada, baba yao anaweza kuwaombea kwa jina lake, akithibitisha kwamba ni wake. Mama yao atabaki.