Koni ndogo zilizomeza mtaji mkubwa

Televisheni ya chogo ilikuwa nene kwa sababu elektroni zilitemwa na kifaa kimoja cha moto kilichokaa nyuma kabisa. Mwaka 1968 Charles Spindt, wa Stanford Research Institute huko California, alieleza njia ya kuzitoa bila moto.

Kwanza hupakwa tabaka la kuhami umeme, kisha utando wa molibdeni. Hutobolewa matundu yenye upana wa maikromita 1 hivi, na mvuke wa molibdeni huelekezwa kutoka juu. Mdomo wa tundu huziba polepole, metali inayopita hupungua, na chini hujengeka koni yenye ncha kali. Yaani tundu lenyewe ndilo fundi. Kwa ukali huo, volti 100 hivi hutosha kung'oa elektroni.

Tatizo ni kwamba ncha hazilingani. Inayopata mkondo wa kupita kiasi huungua, na gesi kidogo tu iliyobaki ndani huzidhoofisha. Maabara ya LETI, Grenoble, Ufaransa, iliweka tabaka la ukinzani chini ya koni ili kila moja ipate mgawo wake.

Wawekezaji walishawishika. PixTech ilianzishwa 1992 kwa leseni ya LETI. Candescent ya California ikashirikiana na Sony. Lakini kioo kimoja kilihitaji mamilioni ya koni, huku bei ya vioo vya LCD ikishuka. PixTech ilianguka 2002, Candescent 2004. Kwa maoni yangu, bidhaa haikuwa mbovu, ilichelewa sokoni.

Hadubini za elektroni zinaendelea kununua ncha: moja ya tungsteni huzitosha.