Spika Kuukuu na Khiyari ya Siku 3

Mtu anunuaye spika zilizokwisha kutumika huzisikia dukani zikivuma barabara, akalipa, akazipakia kwenye mkokoteni wa hamali. Akizifungulia kwao, sauti si ile. Hapo ndipo maneno huanza. Mnunuzi husema kadanganywa, naye mwenye duka huapa kwamba spika ni zilezile. Aghalabu wote wawili wasema kweli, kwani spika haisemi peke yake. Husema pamoja na chumba.

Tazama nyumba za mawe za Mji wa Kale, Mombasa, au za Lamu. Urefu wa boriti za mikoko ndio uliopima upana wa chumba, nao kwa kawaida haufiki mita 3, kwa hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, zimepigwa chokaa. Ukuta wa namna hii haunywi sauti. Huirudisha, na msemaji akasikika kama yumo kisimani. Dukani nako mlango u wazi, magari yapita, na besi kubwa hupendeza kwa kuwa yashinda kelele. Besi hiyohiyo, spika ikisukumwa kwenye pembe ya chumba, huvimba hata ikafunika maneno. Basi zivute kiasi cha dhiraa moja kutoka ukutani, tandika zulia, teremsha mapazia, kisha sikiliza tena kabla hujazilaumu.

Hata hivyo, ziko kasoro ambazo zulia haliziponyi. Spika nyingi zilizoundwa tangu miaka ya 1970 zina pete ya sponji inayoishika karatasi ya wufa, na sponji hiyo huoza kwa umri na unyevu hata kama spika haikupigwa. Hewa yetu ya pwani haiisaidii. Toa kitambaa cha mbele, ubonyeze pete taratibu kwa kidole: ikinata au ikimeguka, imekwisha. Fundi hodari aweza kubandika pete mpya, ila bei nayo na ishuke. Kisha isukume karatasi sawasawa kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili yasugua ndani ya sumaku, na hilo si jambo la gundi. Sikiliza kila spika peke yake, kwani iliyokufa twita hujificha nyuma ya mwenzake. Na besi ikitoweka zipigwapo pamoja, usikimbilie kurudisha: huenda nyaya za upande mmoja zimegeuzwa, nyekundu penye nyeusi.

Zijaribiwe kwa nini? Si kwa vishindo vya ngoma. Kwa sauti uijuayo. Sikio lililolelewa chuoni lina kipimo ambacho fundi hana. Weka kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye tartili yake ya msahafu mzima ilirekodiwa ikatoka mwaka 1961, usikilize sini, swadi na tha. Twita iliyochoka huzichanganya zote tatu. Iliyo kali mno huifanya sini ichome sikio. Ila adabu ichungwe: aya isikatwe katikati kwa ajili ya kuchezea vifundo. Kwa wapenda taarabu, uko udi wa marehemu Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016: je, waisikia risha ikigusa uzi? (Masheikh wana kauli zao juu ya ala za muziki, nami siziingilii.)

Yote haya yataka siku, si dakika kumi za kusimama dukani. Na siku hizo sharia imeziruhusu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wetu pwani, wenye kuuziana waweza kuwekeana khiyari ya sharti isiyozidi siku 3, na mnunuzi akirudisha hana lawama. Lakini khiyari hii haiji yenyewe. Lazima itamkwe katika mapatano. Wengi huona haya kuitamka, hasa muuzaji akiwa mtu wanayeswali naye safu moja, na haya hiyo ndiyo igeukayo chuki baadaye. Iko pia khiyari ya aibu: kasoro ya tangu zamani iliyofichwa, mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha, ila asikawie wala asiendelee kuzipiga. Muuzaji naye akumbuke kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya chakula kilichokuwa kikiuzwa, akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kitambaa cha spika kinaweza kuficha kama ile sehemu kavu ya juu.

Muuzaji akikataa siku hizo hana kosa, biashara ni kuridhiana. Lakini spika isiyoruhusiwa kwenda kujaribiwa nyumbani haistahili bei sawa na iliyoruhusiwa. Akikubali, mnunuzi naye achunge amana: zisipigwe kwa sauti ya kupasua, zisiazimwe arusini kwa jirani, na zirudi na vitambaa vyake.