Kalsiamu Ndani ya Seli za Ubongo na Vidonge vya Kumbukumbu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mara kwa mara kwenye dawati letu la huduma kwa walaji, lipo moja linaloulizwa zaidi na watu wenye wazazi wazee: je, vidonge vinavyodaiwa kusawazisha kalsiamu ya ubongo hurejesha kumbukumbu? Swali hili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa madai ya namna hii hujengwa juu ya sayansi ya kweli, na hapo ndipo ugumu wake ulipo.

Wengi wetu tunaifahamu kalsiamu kuwa ni madini ya mifupa na meno. Ndivyo ilivyo, kwani takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo humo. Kinachotuhusu hapa ni kile kidogo kinachobaki. Seli ya neva iliyotulia huweka kalsiamu iliyomo ndani yake katika kiwango cha chini mno, takriban mara 10,000 pungufu ya kile kilichopo katika majimaji yanayoizunguka. Hutumia nishati bila kukoma kuisukuma nje au kuifungia katika maghala yake ya ndani. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoifanya kalsiamu ifae kuwa ishara. Vilango vilivyo katika utando wa seli vikifunguka kwa muda mfupi sana, kalsiamu humiminika ndani na hali hubadilika ghafla, mfano wa kibatari kuwashwa katika chumba chenye giza totoro. Mchana wa jua kali, nani angekiona kibatari hicho?

Katika miaka ya 1960, Bernard Katz na Ricardo Miledi wa Chuo Kikuu cha London walionyesha kwamba msukumo wa umeme unapofika mwisho wa neva haufikishi ujumbe kwa seli ya pili pasipo kalsiamu. Ni kalsiamu inayoingia ndiyo inayoiamuru neva kuachia kemikali ya kupeleka ujumbe. Kalsiamu huingia pia katika seli inayopokea, na huko ni sehemu ya mabadiliko yanayoimarisha muunganiko kati ya seli mbili tunapojifunza jambo. Hata hivyo, ikizidi huua. Mtu anapopatwa na kiharusi, seli zilizokosa oksijeni hushindwa kuisukuma nje, hufurika, na nyingi huangamia.

Namna wanasayansi walivyopata kuiona ishara hii ni kisa kinachostahili kusimuliwa, kwa sababu ndicho kilichozaa biashara tunayoizungumzia. Mwaka 1961 Osamu Shimomura, mwanakemia Mjapani, alikuwa Friday Harbor katika jimbo la Washington, Marekani, akichunguza mnyama laini wa baharini wa jamii ya yule ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita konyeza au yavuyavu. Mnyama huyo hutoa mwanga. Shimomura alipomwaga mabaki ya uchunguzi wake katika sinki lililokuwa likipokea maji ya bahari, sinki liling'aa kwa mwanga wa samawati. Akatambua kuwa kilichouwasha mwanga ule ni kalsiamu iliyomo katika maji ya bahari. Kutoka katika wanyama wapatao 10,000 waliovuliwa msimu ule zilipatikana miligramu chache tu za protini iliyopewa jina la ekworini. Mwaka 1972 Rodolfo Llinás na wenzake waliidunga protini hiyo katika neva kubwa ya ngisi, nao wakauona mwanga ukitokea palepale kalsiamu ilipoingia. Baadaye Roger Tsien alibuni rangi maalumu za kemikali zinazofanya kazi hiyo kwa urahisi zaidi. Mwaka 2008 Shimomura na Tsien, pamoja na Martin Chalfie, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya protini nyingine, ya kijani, itokayo kwa mnyama yuleyule.

Angalia sasa namna hoja ya kibiashara ilivyoundwa. Ekworini hushikamana na kalsiamu. Kalsiamu iliyozidi hudhuru seli za ubongo. Basi, ikasemwa, mwenye kumeza protini hiyo atailinda kumbukumbu yake. Kidonge kiitwacho Prevagen, cha kampuni ya Quincy Bioscience ya Marekani, kiliuzwa kwa madai ya kuboresha kumbukumbu, kikiwa na protini hiyo iliyotengenezwa maabara. Januari 2017 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani na Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York waliifungulia kampuni hiyo mashtaka. Walieleza kuwa utafiti wa kampuni yenyewe, uliohusisha watu 218, haukuonyesha kuwa waliomeza protini hiyo walifanya vizuri zaidi, kwa kiwango kinachokubalika kitakwimu, kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu, katika jaribio lolote kati ya tisa yaliyofanywa. Baada ya hapo watafiti waliwagawa washiriki katika makundi madogo na kurudia hesabu zaidi ya mara 30. Anayekokota jarife mara 30 hakosi kutoka na dagaa mmoja. Desemba 2024 mahakama iliiamuru kampuni kuacha kudai kuwa bidhaa hiyo huboresha kumbukumbu.

Kasoro ya msingi ingeweza kubainishwa hata bila mahakama. Protini ikimezwa, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya samaki au maharage. Hata kama chembe kidogo ingesalimika na kuingia katika damu, ubongo umezungushiwa kizuizi kisichoruhusu protini nyingi kupita. Vilevile mlaji asidhani kuwa kumeza kalsiamu ya kawaida kutaongeza ishara za ubongo, kwani homoni za mwili huidhibiti kalsiamu ya damu katika mipaka finyu. Ipo kweli dawa inayogusa vilango vya kalsiamu katika seli za neva, mathalani ethosuksimidi, ambayo hutolewa kwa aina mojawapo ya kifafa, lakini hiyo huandikwa na daktari baada ya uchunguzi.

Kinachotusumbua zaidi si fedha pekee. Usahaulifu wa mzee una sababu nyingi, na baadhi yake hutibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, sonona, madhara ya dawa anazotumia, na hata kalsiamu iliyozidi katika damu. Miezi inayopita mgonjwa akimeza kidonge kisicho na faida ni miezi ambayo sababu hiyo inaendelea bila kutafutwa. Kwa hiyo mlaji anashauriwa kumpeleka mzee hospitali kwanza, akichukua makopo na pakiti za kila kitu anachotumia, vikiwemo virutubisho vya ziada na dawa za asili. Asivifiche kwa kuona haya. Vidonge vya kalsiamu, kwa mfano, hupunguza ufyonzwaji wa dawa ya tezi ya levothairoksini na wa baadhi ya antibaiotiki, kama siprofloksasini, vikimezwa kwa pamoja.

Kwa walaji walioko Tanzania, ikumbukwe kuwa tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, nao wa dawa ukabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bidhaa iliyosajiliwa kuwa chakula haijathibitishwa kutibu ugonjwa wowote, hata kama muuzaji anaonyesha cheti cha usajili. Mwenye kuona tangazo linalodai kinyume chake atunze kopo, risiti na picha ya tangazo lenyewe, kisha aviwasilishe pamoja na malalamiko yake.