Shofere, habari yako inaandikwa wapi?

Katika inchi yetu ya machimbo, kutoka Kolwezi mupaka Kasumbalesa, kazi ya shofere inalisha nyumba mingi. Vijana wanasimama kwenye mulango wa kampuni, permi mukononi, wakifikiri permi njo kila kitu. Lakini permi inasema tu kwamba ulikubaliwa kuendesha, na aina gani ya motokari. Haisemi uliendesha namna gani tangu ile siku. Tena kuna permi zilizonunuliwa, na patroni anajua. Njo maana anakupandisha kwanza kwenye usukani akutazame.

Kule Marekani jambo hili limefungwa na sheria. Kila jimbo linatunza habari ya shofere: makosa aliyohukumiwa, aksida, siku permi yake ilizuiwa. Kampuni ya makamyo ikipata shofere mupya inapashwa kuomba habari yake ya miaka 3 iliyopita, tena kuuliza mapatroni aliowaendeshea katika ile miaka. Kila mwaka inaitazama upya. Na shofere ana haki ya kuona yale patroni wa zamani alisema juu yake, na kuomba yatengenezwe kama si ya kweli. Kama una mutoto ao ndugu kule anayetafuta hii kazi, umwambie aombe ile habari yake mwenyewe, aisome mbele ya patroni.

Kwetu patroni hapati yote kwa karatasi moja. Anaokota vipande. Sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha patroni akupe sertifika kazi ikiisha, yenye kuonyesha kazi uliyofanya, siku ulianza na siku ulimaliza. Haiandiki kama uliendesha vizuri ao vibaya. Basi patroni mupya anasoma tarehe. Ulimaliza hapa mwezi wa tatu, ukaanza kule mwezi wa kumi: ile miezi 6 katikati ulikuwa wapi? Kisha anakamata telefone.

Na huyu anayepigiwa, ana nini mukononi? Barua za onyo ulizotia sahihi. Alikotesti ya asubui kwenye mulango wa chimbo. Na makampuni mingi yametia ndani ya motokari mashini inayoandika mbio, na kila mara unafunga freni kwa nguvu. Shofere anafikiri yuko peke yake barabarani usiku. Kumbe mashini iko macho.

Usizani kwamba aksida moja inakufungia mulango. Ukiwa umesimama kwenye bariere na mwingine akakugonga kutoka nyuma, na prose-verbali ya polisi inasema vile, mutu mwenye akili hatakukataa juu ya ile. Yeye anatazama sana yale yanayorudi. Mbio mara tano katika mwaka moja, hata bila kugonga mutu, inamuogopesha kuliko ile aksida. Na pombe, mara moja tu inaweza kutosha.

Tena inategemea muzigo. Mwezi wa pili wa 2019, kamyo ya asidi iligongana na basi kati ya Kolwezi na Lubumbashi, na karibu watu 20 wakafa. Fikiri mukubwa anayetafuta shofere wa kubeba asidi kwa ile barabara. Hatafuti mutu anayejua kufika wa kwanza.

Sasa anakuuliza: “Ulishapata aksida?” Wewe unajibu: “Hapana, patroni, hata moja.” Anapiga telefone, anasikia juu ya Likasi. Pengine ile ya Likasi haikuwa hata kosa lako! Lakini sasa haulizi tena juu ya Likasi, anajiuliza ni uongo gani mwingine ulisema. Ni vizuri useme mwenyewe, mbele hajauliza mara ya pili: ilikuwa siku fulani, mahali fulani, nilifanya hivi, karatasi ni hii.

Wengine hawana karatasi kwa sababu walikimbia. Tunajua juu ya nini: watu wenye hasira wanaweza kumuua shofere pale pale. Ile woga inaeleweka. Lakini kukimbilia kwa polisi na kukimbilia kijijini si jambo moja. Aliyefika kwa polisi ameandikwa kama mutu aliyetoa habari. Aliyepotea ameandikwa mutoro, na aliyemugonga amebaki chini bila mutu wa kumupeleka hospitali.

Mama, wewe bibi ya shofere, hizi karatasi mara mingi ni wewe unazitunza. Sertifika, kopi ya prose-verbali, barua za kampuni: tia yote katika plastiki moja, mbali na mvua na watoto. Na kama patroni amekataa kumupa bwana yako sertifika ya mwisho wa kazi, aandike barua ya kuiomba, abakie na kopi. Akinyamaza tena, ile kopi aende nayo kwa Inspeksio ya Kazi.